Fishi zikirudi zote na alama za juu: mwongozo kamili wa kupima uhusiano wa kijana na mshauri wake

Kila baada ya miezi michache hunifikia ujumbe uleule kuhusu fishi, yaani karatasi za maswali, mara kutoka Kadutu hapa Bukavu, mara Goma, mara moja hata Lubumbashi: "Tumewapa vijana wetu fishi ya kupima uhusiano na mshauri, na zote zimerudi na alama za juu kabisa. Tuzifanyie nini?"

Hakuna cha kuzifanyia. Kijana aliyeweka 4, alama ya juu kabisa, kwenye kila swali amekuambia jambo moja tu: kwamba kwao alifundishwa adabu.

Nimeandika mwongozo huu kwa APS (wahudumu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii), wanasaikolojia, wanafunzi wanaoandaa memwari (kazi ya utafiti ya kumalizia chuo), na wasimamizi wao. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 3 na ya 6 ndizo zinazoangusha wengi, kwa hiyo huko nitakaa zaidi. Nyingine nitazipita haraka.

## Unapima nini hasa

Tunaegemea mgawanyo wa mwanasaikolojia Edward Bordin wa mwaka 1979, wenye sehemu tatu. Kwanza, mshikamano: kijana anamwamini mtu huyu, anajisikia salama naye? Pili, makubaliano juu ya kinachotafutwa: wote wawili wanataka kitu kilekile kibadilike? Tatu, makubaliano juu ya kinachofanywa kwenye kikao: kijana anaona maana ya kuchora, kupumua polepole, kusimulia?

Fishi inayouliza tu "unampenda mshauri wako?" imepima theluthi moja ya jambo. Na kwa vijana, theluthi hiyo ndiyo inayodanganya zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Kipimo kilichochaguliwa na kibali cha mwenye nacho.
- Tafsiri iliyokwisha kujaribiwa na vijana wenyewe, sio na walimu wao.
- Mtu wa kati: atakayegawa na kukusanya fishi, asiye mshauri wa kijana yeyote kati ya wale.
- Namba za siri, na daftari moja linaloonyesha namba ipi ni ya nani.
- Bahasha za kubandika na sanduku lenye kufuli.
- Biki za rangi moja. Usicheke: kijana mwenye biki nyekundu peke yake anajua kwamba fishi yake itatambulika.
- Rula yenye milimita, kama kipimo chako kinatumia mistari.
- Kadi kubwa moja ya majibu, yenye picha.
- Mahali ambapo mshauri haonekani wala hasikiki.
- Pesa ya fotokopi, pamoja na nakala za akiba. Umeme ukikatika asubuhi ya kazi, kibanda cha fotokopi hakitakungoja.

Kama unakosa mtu wa kati au sanduku, ahirisha. Vingine vyote vina njia ya kuzunguka, hivyo viwili havina.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Kuna maswali mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi. La kwanza: "Kijana huyu na mshauri huyu wanaendeleaje wiki hii?" La pili: "Katika kituo chetu, uhusiano unakwenda pamoja na nafuu?"

La kwanza linahitaji kipimo kifupi kila kikao, na mshauri aone majibu. La pili linahitaji kipimo kirefu mara chache, na mshauri asione jibu la mtu mmoja mmoja. Ukiyachanganya utapata fishi ambayo kijana aliahidiwa kwamba haitaonekana, kisha mshauri akaja nayo chumbani. Uaminifu uliotaka kuupima umekwisha kuuvunja.

Umemaliza hatua hii ukiweza kumsomea mwenzako sentensi yako, naye akakuambia bila kuulizwa nani atasoma fishi.

## Hatua ya 2: Chagua kipimo

Vinavyotumika sana ni hivi.

Working Alliance Inventory (WAI) ina maswali 36, na majibu ya ngazi 7. Ufupisho wake wa WAI-SR una maswali 12 na ngazi 5. Unafuata sehemu tatu za Bordin moja kwa moja, ila uliandikwa kwa watu wazima, na kijana wa miaka 13 hutambua hilo kabla hajafika swali la nne.

Therapeutic Alliance Scale for Children ya Stephen Shirk ina maswali 12 kwa mtoto, na toleo la mshauri pembeni yake. Inagusa mshikamano na kushirikiana katika kazi ya tiba. Kwa memwari inayohusu vijana, mimi ningeanzia hapa.

Session Rating Scale ina mistari minne, kila mmoja sentimita 10. Kijana anaweka alama kwenye mstari, wewe unapima kwa rula. Jumla ni 40. Kuanzia miaka 13 hutumia toleo la watu wazima. Walio chini ya hapo wana toleo lao lenye nyuso. Inajazwa kwa dakika moja, kwa hiyo ni ya kila kikao.

Vyote vina wenyewe. Andika barua ya kuomba ruhusa kabla ya kutafsiri, na uitunze. Jopo la memwari litaiuliza.

Je, mshauri naye ajaze? Ndiyo, lakini usichukue jibu lake mahali pa jibu la kijana. Mara nyingi hayalingani, na pengo lenyewe ni habari. Mzazi naye anastahili maswali mawili matatu yake, maana ndiye anayetoa nauli ya pikipiki na ndiye anayeweza kusema "basi, inatosha". Njia ya nne, mtu wa nje kusikiliza vikao vilivyorekodiwa, inafanya kazi vizuri sana penye mitambo na usalama. Bukavu ya sasa, sauti ya mtoto akisimulia mabaya ikae kwenye simu ya mtu? Mimi hapana.

## Hatua ya 3: Lugha, ambako wengi huzama

Njia inajulikana: watu wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, wanakaa pamoja kupatanisha, mtu wa tatu asiyejua fishi ya asili anairudisha katika lugha ya kwanza, mnalinganisha. Fanya hivyo. Kisha ujue kwamba bado hujafika, kwa sababu tafsiri inaweza kurudi salama na bado ikamchekesha kijana wa Bagira, hapa mjini.

Kinachobaki ni kukaa na vijana wanane hadi kumi, mmoja mmoja, wa umri unaowataka, nusu wasichana. Soma swali. Usimwombe alijibu. Mwombe akueleze kwa maneno yake: "Hapa wanauliza nini?" Andika maneno yake kama yalivyotoka mdomoni.

Haya ndiyo niliyoyakuta mimi.

"Kupenda." Vipimo kadhaa vinataka kujua kama kijana anahisi kwamba mshauri anampenda, kwa maana ya kumpokea kwa moyo mweupe. Tuliandika "Mshauri ananipenda". Msichana wa miaka 16, ambaye mshauri wake alikuwa mwanaume, aliweka karatasi chini akauliza: "Ananipenda namna gani? Anataka kunioa?" Katika jiji ambalo wengi wa wasichana tunaowapokea wameumizwa na wanaume, swali hilo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Tuliandika upya: "Mshauri anafurahi nikija." Vijana wote tuliowauliza baada yake walieleza maana moja.

"Heshima." "Tunaheshimiana" kwa mtoto wa kwetu maana yake ni "namtii, simjibu". Kijana anayeogopa atatoa alama ya juu kabisa. Uliza jambo linaloonekana: "Nikisema sitaki kuongea kitu fulani, anakubali."

"Malengo." "Ni ile ya mradi?" kijana mmoja aliniuliza. Neno hilo limechakaa kwenye semina za mashirika. "Tunachotaka kibadilike" limefanya kazi vizuri zaidi.

"Tiba." Sindano, vidonge, chupa ya maji ya mshipa. Sema "mazungumzo yenu" au "wakati mnapokaa pamoja".

Ile -ka ya mwisho. Kiswahili chetu kina "ananisikilizaka", maana yake ni desturi yake kunisikiliza. Watafsiri wetu waliipenda kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Lakini ukiunganisha "ananisikilizaka" na jibu la "mara chache", sentensi inagongana yenyewe kwa yenyewe: umekwisha kusema ni desturi, halafu unauliza ni mara ngapi. Kijana hutatua ugomvi huo kwa kuweka alama ya juu. Acha -ka iishi sokoni, kwenye fishi andika "ananisikiliza".

Maswali ya kukanusha. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Mtu akiulizwa kwetu "Huoni faida ya kuja hapa?" na akajibu "Ndiyo", anamaanisha "ndiyo, sioni". Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa cha darasani hujibu kwa mantiki nyingine. Kijana mmoja ana mantiki zote mbili kichwani, na hujui ipi imeshika kalamu leo. Maswali yenye maana hasi yabaki, yana kazi yake, lakini yaandike bila "si-" wala "ha-": "Naona kuja hapa ni kupoteza wakati." "Afadhali tungeongea mambo mengine."

Halafu ngazi za majibu. Ngazi 7 ni nyingi mno kwa mtoto anayesomewa; nne zinatosha. Ila usiziite pointi. Shuleni pointi hutolewa na mkubwa kwa mdogo, na mtoto anayeambiwa ampe mshauri pointi huona ni utovu wa adabu kumpa chini ya zote. Tulichora bidoni (madumu ya maji) nne: tupu, yenye maji kidogo, ya nusu na zaidi kidogo, iliyojaa. Mtoto anayeamka kuchota maji hahitaji maelezo marefu. (Kama kipimo chako kinadai ngazi zake zibaki vilevile, omba ruhusa ya kubadilisha, na useme wazi kwenye memwari kwamba umebadilisha.)

Ishara kwamba hatua hii imekwisha: vijana watatu wa mwisho wanaeleza kila swali kwa namna moja, na hakuna aliyekuuliza "hapa naweka ngapi?"

Kuhusu Mashi, lugha ya Washi: ukiwa na vijana waliotoka vijijini Walungu au Kabare juzi tu, usimtume mtu wa kati atafsiri papo hapo. Atatafsiri kila mtoto kivyake, utakuwa na fishi kumi tofauti. Ama andaa toleo la Mashi kwa njia hiyohiyo, ama waweke pembeni na useme kwamba uliwaweka.

## Hatua ya 4: Ridhaa na siri

Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo unahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi, na juu yake unahitaji kukubali kwa kijana mwenyewe. Mzazi akikubali na kijana akakataa, jibu ni hapana.

Mweleze mzazi mapema, mbele ya kijana, kwamba hataonyeshwa fishi. Baba mwenye hasira akija kuitaka wiki ya tatu, utakuwa na maneno ya kurudia, badala ya kutunga mapya ukiwa umesimama mlangoni.

Mweleze kijana mpaka wa siri kwa maneno mafupi: ulichoandika hakitoki, isipokuwa kikionyesha kwamba maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Usiahidi zaidi ya hapo.

Majina hayakai kwenye fishi. Daftari la namba na majina lisikae jengo moja na sanduku la fishi. Waliokuwa Bukavu Februari 2025, mji ulipobadilika mikono ndani ya siku chache, wanajua ofisi huachwaje: unachukua begi na watoto, makabati yanabaki.

## Hatua ya 5: Panga tarehe

Kikao cha kwanza ni mapema mno kwa kipimo kirefu. Kijana bado anapima kama mlango unafungwa vizuri. Kikao cha 3 au cha 4 ndicho cha kwanza chenye maana. Halafu katikati ya safari, halafu kuelekea mwisho. Kipimo kifupi cha mistari, kama ulikichagua, kinajazwa kila mwisho wa kikao tangu siku ya kwanza, ili kizoeleke kama kufunga dirisha.

Usipime siku kijana alipolia sana, siku alipotaja kujiua, au siku aliyofika na habari ya msiba. Siku hiyo ana mambo mengine na wewe pia.

Kisha jambo ambalo memwari nyingi hulisahau: walioacha kuja. Ukipima mwishoni tu, umewapima waliopenda kubaki, na bila shaka uhusiano utaonekana mzuri. Weka safu kwenye daftari lako: tarehe ya mwisho aliyoonekana, alama zake za mwisho, sababu kama inajulikana. Mvua, karo, kuhama kwenda Goma au kurudi kijijini ni sababu. "Hakupenda" nayo ni sababu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza, katika kituo ambacho sitakitaja, nilikuwa nagawa fishi mwenyewe mwisho wa kikao. Nilitabasamu, nikampa kalamu yangu, nikasema, "Jaza bila woga, mwanangu." Kisha nikageuka dirishani kwa heshima, kana kwamba mgongo wangu si mimi. Msichana wa miaka 15 alijaza kwa sekunde ishirini, bidoni zote zimejaa, akanishukuru kwa mikono miwili. Hakurudi tena. Miezi mingi baadaye shangazi yake aliniambia kwamba binti alikuwa ananiogopa tangu siku ya pili, kwa sababu sauti yangu inafanana na ya mtu fulani.

Fishi yake ninayo bado. Ina 48 kwa 48.

Kwa hiyo, hivi ndivyo inavyokwenda sasa.

Mshauri anatoka. Anamaliza kikao, anaaga, anaondoka chumbani au anampeleka kijana kwa mtu wa kati. Asikae kwenye baraza akisubiri kuona uso wa kijana.

Mtu wa kati anasema maneno yaleyale kwa kila mmoja. Yaandike kwenye kadi. Yetu ni haya: "Habari, mimi sio mshauri wako na sitamwonyesha fishi hii. Ukiweka bidoni tupu hakuna anayekasirika na hakuna anayefukuzwa kazi. Vijana wengi wana kitu wasichokipenda kwenye mazungumzo yao, na hicho ndicho tunachokitafuta. Hata ukiweka chini kote, nafasi yako hapa haipotei."

Sentensi ya mwisho usiifupishe. Wengi wanadhani fishi ni mtihani wa kubaki kwenye mradi, hasa pale kituo kinapogawa pia chakula, karo au sabuni. (Kama fishi yako ni ya kila kikao na mshauri ataiona, ondoa ahadi ya kutomwonyesha, sema ukweli. Kadi mbili, usizichanganye.)

Wote wanasomewa. Hata anayesoma vizuri. Ukiwasomea wasiojua tu, umewatangaza. Soma swali mara mbili, nyoosha kadi ya bidoni, mwache aweke alama akiwa ameikinga karatasi kwa mkono. Angalia kadi, usiangalie kalamu yake.

Swali la mazoezi linatangulia, na liwe na jibu la chini. "Napenda kuamka saa kumi kwenda kuchota maji." Kijana akishaweka bidoni tupu mara moja na dunia isianguke, ya pili ni rahisi.

Anabandika bahasha mwenyewe na kuitumbukiza sandukuni mwenyewe. Mkono wake ndio wa mwisho kuigusa.

Mtu wa kati asiwe nani? Asiwe msimamizi wa mshauri, asiwe mama wa kanisa wa familia ile, asiwe dada wa mtaa mmoja. Tumewahi kumtumia mwanafunzi wa chuo aliyeishi Nguba, mtaa mwingine, kwa vijana wa Panzi, na ilitosha.

Maswali 12 kwa mtindo huu huchukua dakika kama kumi. Ukimaliza kwa tatu, umeharakisha. Siku ikiisha, pitisha macho: kama katika fishi kumi hakuna hata moja yenye jibu la chini, usiendelee na kundi la pili. Rudi kwenye maneno ya kadi, na uchunguze nani alikuwa amesimama wapi.

## Hatua ya 7: Hesabu

Tuchukue fishi moja ya maswali 12, majibu 1 hadi 4. Sita ya mshikamano, sita ya kushirikiana katika kazi. Kati ya hayo ya mwisho, mawili yana maana hasi.

Mshikamano: 4, 4, 4, 3, 4, 4. Jumla 23, wastani 3.83.

Kushirikiana, manne ya kawaida: 2, 2, 3, 3. Jumla 10. Mawili hasi alijibu 4 na 3. Hayo yanageuzwa: 5 toa jibu lake. Kwa hiyo 1 na 2, jumla 3. Kushirikiana kwote ni 13, wastani 2.17.

Jumla kuu ni 36 kwa 48, yaani asilimia 75. Shuleni mtoto huyo angepigiwa makofi. Na ukisahau kugeuza yale mawili, unapata 40, unafurahi zaidi. Lakini angalia sehemu zake: kijana anampenda mshauri huyu, anamwamini, na haoni hata kidogo kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Jumla kuu ilikuwa imelificha hilo. Andika sehemu zote kila mara.

Swali likiachwa wazi, usiweke sifuri. Kama ni moja katika sita, tumia wastani wa matano aliyojibu na uandike kwamba ulifanya hivyo. Kama ni matatu, sehemu hiyo haihesabiki kwa kijana huyo. Na swali moja likiachwa wazi na vijana wengi, kosa ni la swali.

Kwa wa memwari: jopo litakuuliza alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali ya sehemu moja yanakwenda pamoja. Ifanye kwa kila sehemu peke yake, na kuanzia 0.70 kwa kawaida inapokelewa. Ukiwa na vijana kumi na watano tu, namba hiyo inayumba kama mtumbwi ziwani, itaje, usiitegemee.

## Hatua ya 8: Soma namba bila kuzipandisha cheo

Kwa Session Rating Scale, watunzi wake wanashauri kwamba jumla iliyo chini ya 36 kwa 40 izungumzwe. Mpaka huo haukupimwa Kadutu. Kwa vijana wetu mimi natazama mwendo wa mtu mmoja: aliyekuwa 39, 39, 38, leo 35, ana la kusema. Aliyeanza na 30 akapanda hadi 34 anaweza kuwa mkweli kuliko wote.

Na usiandike kwamba uhusiano mzuri "unaponya". Mwaka 2018, Marc Karver na wenzake walikusanya tafiti 28 za watoto na vijana, na wakapata uwiano wa karibu 0.19 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja kikamilifu) kati ya uhusiano na matokeo ya tiba. Shirk na Karver walikuwa wamepata 0.20 mwaka 2003. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata karibu asilimia 4 ya tofauti zote za matokeo. Ni kidogo na ni ya kweli, inajirudia utafiti baada ya utafiti. Zaidi ya hapo kuna vita, njaa, shule, mzazi, mbinu yenyewe. Tena kijana anayepata nafuu huanza kumpenda mshauri wake, kwa hiyo hata mshale unaelekea wapi si rahisi kujua, ila ukipima vyote viwili mapema na tena baadaye.

Onyo kwa wasimamizi: ukizitumia namba hizi kuamua mkataba wa APS gani uongezwe, fishi zote zitajaa kuanzia mwezi ujao, na hutapata wa kumlaumu. Watu watafundisha watoto kujaza.

## Hatua ya 9: Rudisha chumbani

Hii ni kwa kipimo cha kila kikao, ambacho kijana anajua mshauri ataona.

Alama ikishuka, kuna sura mbili. Kuna kijana anayegomba: anachelewa makusudi, anakuambia mazungumzo haya ni bure. Huyo ni rahisi, amesema. Wa pili ananyamaza kwa adabu: "ndiyo Mama", "sawa Mama", macho kwenye viatu. Kwetu huyu ndiye tunayemkuta zaidi, na wengi humwandika kwenye ripoti kuwa "anashirikiana vizuri".

Fungua kikao kinachofuata kwa jambo lenyewe, taratibu, bila kujitetea: "Wiki iliyopita mstari wa tatu uliweka alama huku, kabla ulikuwa unaiweka kule. Umenisaidia kwa kuiweka hivyo. Kuna kitu nimefanya au hatufanyi?" Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Usimwulize "kwa nini", neno hilo ni la mwalimu wa nidhamu.

Mvulana wa miaka 14 kutoka Bagira aliniacha nihesabu hadi kumi mara mbili. Halafu akasema, akitazama daftari langu: "Mama, unaandika sana. Ukiandika najua nimesema kitu kibaya."

Nilikuwa nikiandika tarehe za dawa zake. Nililifunga daftari nikaliweka kwenye mkoba, mkoba nikauweka nje ya mlango. Siku hiyo alama yake ya mstari wa tatu ilipanda milimita nne. Inayofuata ilishuka tena mbili, kwa sababu nilikuwa nimechelewa.

Kijana akisema "hakuna, Mama", kubali, mshukuru, endelea na kikao. Mpe mstari ule tena mwisho wa siku. Na kama anashuka mara tatu mfululizo bila neno, lipeleke suala kwa msimamizi, na umwulize kijana kupitia mtu wa kati kama angependa kubadilishiwa mshauri. Baadhi watasema ndiyo. Andaa jina la mshauri wa pili kabla ya kuuliza.